Treni Mnayemsubiri

"Mdomo wangu una swichi, dada. Nikiwasha, umewaka. Nikizima, umezima. Tangu nizaliwe haijaniponyoka hata herufi moja."

Spika alijitapa hivyo asubuhi, ameegemea mlango wa chumba cha kushonea cha dada yake, kikombe cha chai mkononi, shati la kazi limepigwa pasi mpaka lingeweza kwenda kazini peke yake. Dada mtu, fundi cherehani asiye na muda wa kuchezea, hakuinua uso. Alikuwa amebana pini midomoni na mguu wake unaendelea kukanyaga pedali.

"Swichi," akasema kupitia upenyo wa pini. "Wewe ambaye hata bomba la maji unasahau kulifunga."

"Bomba ni bomba, dada. Mdomo ni kazi."

Na kweli mdomo ulikuwa kazi yake, tena kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana mtaa mzima. Yeye ndiye mtangazaji wa stesheni ya treni, ile sauti inayotoka juu ya nguzo na kuwaambia watu wasogee, wangoje, wasisahau mizigo yao. Jina la Spika alilipata huko, likamganda, hata siku hizi akiitwa jina lake la kuzaliwa hugeuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Kazi ya pili ilikuwa siri. Mara moja kwa wiki, akitoka stesheni, alikuwa anapenya nyuma ya duka moja la madaftari, anaingia kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kusiwe na mwangwi, anavuta pumzi mpaka kitovuni, na anageuka Ngurumo. Ngurumo ni kichwa cha treni cha rangi ya buluu kinachozungumza kwenye kipindi cha watoto redioni. Samahani, anayezungumza. Watoto wakikusikia unamwita Ngurumo "kinachozungumza" watakuuliza kama wewe nyumbani kwenu wanakuita "hicho".

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Stesheni, treni imefika. Studio, treni amefika. Stesheni, treni imechelewa kutokana na hitilafu. Studio, treni amechelewa kwa sababu alikuwa anamsindikiza ng'ombe aliyepotea. Kinywa ni kilekile, ulimi ni uleule, na katikati ya kazi hizo mbili hakuna hata muda wa kusukutua.

Waliojua siri hiyo ni watu wa studio na dada yake, basi. Watu wa studio walimwapisha: mtoto akigundua kwamba Ngurumo ni kijana mwembamba mwenye soksi zisizofanana, Ngurumo kwisha habari yake. Dada yake hakumwapisha. Alimtazama tu, na kwa ndugu hao wawili hilo lilitosha.

"Leo ndiyo leo," dada akasema, akitoa pini moja baada ya nyingine. "Mtoto hakulala vizuri. Kila nikigeuka naulizwa kama Ngurumo shingo yake ni nene."

Mtoto mwenyewe akatokea hapo hapo, anaburuta kitu nyuma yake. Nyumbani walimwita Kijiko, kwa kuwa hakuna jambo asilolikoroga. Alikuwa anasoma darasa la kwanza, na siku hiyo darasa lao lilikuwa linakwenda stesheni kumwona Ngurumo ana kwa ana. Maana Ngurumo yupo kweli, au tuseme kipo kweli: mtunzi wa kipindi, siku moja treni yake ilipochelewa, alikaa kwenye benchi la stesheni akakitazama kichwa kimoja cha buluu kikikohoa na kulalamika, na kabla treni yake haijafika alikuwa tayari ana hadithi nzima. Watoto walikuwa wanajua hivyo. Mafundi wa karakana nao walikuwa wanakijua kichwa hicho, ila wao walikiita Kikohozi, na majina mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Kitu alichokiburuta Kijiko kilikuwa skafu. Kwenye kipindi Ngurumo alinyeshewa akapata mafua, na Kijiko akaamua kwamba mgonjwa hawezi kuachwa shingo wazi. Alikusanya vipande vya vitambaa vilivyodondoka chini ya cherehani, mama akamsaidia kuviunga. Skafu ilianza kama leso, ikawa kama taulo, na sasa ungeweza kumfungia tembo tai na kitambaa kikabaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba Kijiko. Hiyo ndiyo ya Ngurumo?"

"Ndiyo. Mjomba, wewe si unafanya kazi naye? Shingo yake ni nene?"

"Nene kama ya mwalimu mkuu," Spika akajibu bila kupepesa.

Kijiko akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kipimo alichokuwa anakitafuta, akaenda kutafuta begi kubwa zaidi. Alipotoka tu, dada akamnyooshea Spika kidole chenye kikofia cha chuma cha kuzuia sindano.

"Nisikilize. Ngurumo akimharibikia huyu mtoto leo, kwa neno lako lolote, nitakushona huo mdomo. Mashine ninayo na uzi ninao."

"Swichi, dada," Spika akasema, akajigusa midomo kwa kidole: tik. Akaondoka anapiga mluzi.

Kibanda cha mtangazaji kiko ghorofani, juu ya madirisha ya tiketi, kina dirisha moja pana linalotazama jukwaa. Ndani kuna meza, simu ya mezani ya kuzungumza na karakana, saa, na kipaza sauti chenye kitufe kimoja. Ukibonyeza mara moja kinawaka, ukibonyeza tena kinazima. Pembeni kuna kitaa chekundu cha kukuonyesha kama kimewaka, lakini kitaa hicho kilishakufa siku nyingi na kila mwezi kinaahidiwa kubadilishwa.

Ukutani, juu ya kipaza, kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa: TRENI IMEFIKA. TRENI IMECHELEWA. TRENI IMEONDOKA. Mwandishi alikuwa mkuu wa stesheni, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Ratiba, yeye akiwepo na asipokuwepo. Mama Ratiba hakukipenda kipindi cha Ngurumo. Tangu kianze, alikuwa anakuta watoto wakiyaamkia mabehewa, na wiki iliyopita bwana mzima mwenye mkoba wa ngozi alimwuliza kama "yule wa saa nne" ameshapita.

"Treni ni chuma," alimwambia Spika siku alipomkabidhi kipaza. "Haina mama, haina mafua, haina sikukuu ya kuzaliwa. Siku nitakapoisikia treni 'amefika' kwenye kipaza changu, utahamia chumba cha mizigo, ukaongee na masanduku."

Spika alisema ndiyo mama. Hakusema kwamba mafua hayo aliyapiga chafya yeye mwenyewe.

Siku hiyo, basi, alikaa kitini akiwa na koo zito. Jana yake jioni walirekodi vipindi mfululizo, Ngurumo akapanda milima, akazama kwenye tope, akaimba. Kuamka asubuhi bado alikuwa ananguruma. Hata pale kibandani, alipokuwa peke yake, alianza kubishana naye kama kawaida yake. Ilianza kama mazoezi ya sauti, ikageuka tabia: Spika akikosa wa kumwuliza, humwuliza Ngurumo, na Ngurumo humjibu bila adabu.

"Chai ya dada yako haina sukari," Ngurumo akamwambia.

"Kanywe dizeli yako," Spika akamjibu.

Chini, jukwaa likajaa. Darasa la kwanza liliingia limeshikana mikono, mwalimu wao mbele na filimbi shingoni, wakapangwa nyuma ya mstari wa manjano. Spika akamwona Kijiko upesi, mbele kabisa, begi limefumuka na skafu inamwagika mpaka kwa jirani yake. Kijiko akainua macho kibandani, akampungia. Spika akampungia na moyo ukamjaa.

Simu ikalia. Ilikuwa karakana, na upande wa pili alikuwa fundi mkuu, mzee anayeitwa Grisi.

"Kijana! Mwambie Mama Ratiba, Kikohozi kimekufa."

"Kimekufa wapi tena?"

"Hapo kwenye kona ya tangi la maji, karibu kabisa, ungetema mate yangefika. Pampu ya mafuta. Tunakwenda kukivuta na kile kichwa kidogo. Watangazie watu wasubiri."

Sasa hapa hapakuwa na ajabu yoyote. Redio hufa, simu hufa, taa ya kipaza ilikuwa imekufa pale pale mbele ya pua yake. Vyombo vinakufa kila siku na hakuna anayeweka matanga. Kilichotakiwa ni kuwasha kipaza, kusoma ukuta, na kusema treni imechelewa.

Spika akabonyeza kitufe. Macho yake, badala ya kwenda ukutani, yakaenda kwenye skafu. Na mdomo wenye swichi ukafunguka.

"Tangazo kwa abiria. Tunawaarifu kwamba treni mnayemsubiri atachelewa. Amekufa, hapo kwenye kona ya tangi la maji. Mafundi wamekwenda kumvuta. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Akabonyeza kitufe kuzima. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na kitu kinamwasha nyuma ya kichwa na hakujua ni nini, akabonyeza tena kwa uhakika.

Watu wazima walikuwa wanatazamana, na midomo inaanza kucheza. Halafu mtoto mmoja akauliza kwa sauti kali iliyopenya kioo: "Nani amekufa?"

Na mwingine akajibu: "Ngurumo!"

Darasa zima la kwanza likaangua kilio.

Hapo ndipo kile kitu cha nyuma ya kichwa kikafika mbele. *Amekufa.* Hakusema kimekufa. Angesema kimekufa, ingekuwa pampu ya mafuta. Amesema amekufa, na sasa ni msiba. Chini kule, Kijiko hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima, amekumbatia skafu kifuani, anaitazama reli tupu, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

"Mama yangu wee," Spika akasema.

"Wewe mjinga," Ngurumo akanguruma. "Umeniua!"

"Sikukusudia. Ulimi umeteleza."

"Ulimi? Si ulisema una swichi?"

"Usinitukane Ngurumo, nina matatizo."

"Wewe ndiye mwenye matatizo? Maiti ni mimi!"

Wakati huo Mama Ratiba akatokea jukwaani, akasimama katikati ya kilio kile, akainua kichwa taratibu na kukitazama kibanda. Spika hakungoja macho yakutane. Alizama chini ya meza, magoti yakagonga ubao, kipaza kikatikisika.

"Anakuja," akanong'ona. "Kwisha. Naenda kuongea na masanduku."

"Nifufue kwanza," Ngurumo akasema.

"Nikufufue vipi? Nikitangaza treni amefufuka si ndiyo nimejizika mwenyewe?"

"Na yule mtoto mwenye skafu je? Utamwambia aivae yeye?"

Spika alikumbuka vile vipande chini ya cherehani, na Kijiko akivipanga kwa rangi, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini, anauliza kama nyekundu inatibu haraka kuliko kijani. Pua ikaanza kumchonyota.

"Mpwa wangu kakushonea skafu," akasema, na sauti ikamkatika. "Kaacha hata kucheza. Nisamehe, Ngurumo. Nisamehe sana." Akalia, kijana mzima, kichwa kimeegemea kikapu cha takataka.

"Haya, nyamaza," Ngurumo akasema, naye ana kwikwi. "Sijafa sana."

Ndipo Spika akagundua kwamba huko chini vilio vimekoma. Akawaza: wamezidiwa. Kisha mtu mzima mmoja akatoa sauti kama ya kwikwi, akafuatiwa na mwingine, na mwingine. Hata wakubwa, Spika akawaza kwa uchungu. Hata wakubwa wanaomboleza.

Mlango ukafunguliwa. Viatu vya Mama Ratiba vikaingia, vikasimama mbele ya meza. Spika akainua macho akaona uso wake: macho yamelowa, midomo imebanwa kwa nguvu, mashavu yanatetemeka. Mama Ratiba alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha kipaza mara moja, polepole, kama anayemfumba mtu jicho.

"Toka huko," akasema.

"Nilikuwa naokota kalamu, mama."

"Kalamu ipo sikioni kwako."

Spika akatoka, akajipangusa vumbi na machozi kwa mkono mmoja.

"Grisi kanipigia," Mama Ratiba akasema, akiwa anatazama pembeni kwa sababu asizozielewa Spika. "Wamekifunga nyuma ya kichwa kidogo. Kinaingia sasa hivi. Watangazie."

"Nitangaze, mama... ki? Au... a?"

Mama Ratiba akautazama ukuta, yale maneno aliyoyaandika kwa mkono wake na kuyapitia rangi mara mbili. Akatembea mpaka pale, akageuka, akaegemea ukuta kwa mgongo wake mpana mpaka maneno yote yakafunikwa.

"Leo nina mafua ya masikio," akasema. "Tangaza."

Spika akabonyeza kitufe. Akakohoa. Akachagua kila herufi kama anayechambua mchele.

"Tangazo kwa abiria, na hasa kwa darasa la kwanza. Kuna marekebisho. Treni mnayemsubiri hajafa. Alizimia tu, kwa sababu ya mafua. Mwenzake mdogo anamshika mkono anamleta. Tafadhali simameni nyuma ya mstari wa manjano, mgonjwa apate hewa."

Shangwe iliyopanda kutoka jukwaani ilitikisa kioo. Spika akakaa kitini. Mashine huzima, mtu huzimia: tofauti ni herufi moja tu, na herufi hiyo moja imemrudisha Ngurumo duniani. Kadiri shangwe ilivyoendelea, ndivyo Spika alivyozidi kujiona mtu wa akili nyingi.

Wakashuka wote wawili. Kwa mbali, kwenye mpindo wa reli, kikaonekana kichwa kidogo cha manjano cha kupangia mabehewa, kinahema, na nyuma yake pua pana ya buluu iliyopauka.

"Huyo anakuja," Mama Ratiba akasema.

"Huyo, mama? Si 'hiyo'?"

"Nyamaza."

Kikohozi kikaingia polepole. Kwenye picha za mabegi ya shule, Ngurumo ana macho makubwa, kope, na tabasamu linaloanzia taa moja kuishia nyingine. Kikohozi kilikuwa na kutu, na mbu waliokauka kwenye kioo, na michirizi ya mafuta. Darasa la kwanza likakitazama. Kikatokea kile kimya cha watoto wanaoanza kupiga hesabu.

"Mbona hana macho?" mvulana mmoja akauliza.

Spika akafungua mdomo, lakini mpwa wake akamtangulia.

"Si amezimia?" Kijiko akasema, akishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo. "Mtu akizimia anafumba macho."

"Na mdomo?"

"Kaufumba pia. Wewe ukilala unaacha mdomo wazi?"

"Huyu anaacha!" jirani yake akamshitaki, na hesabu ikaisha hapo.

Dereva akashuka, mtu mrefu mwenye kofia ya mafuta mafuta, akapokea skafu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Akapanda tena, akaifunga kwenye vyuma vya mbele, akaizungusha, ikabaki, akatia fundo kubwa chini ya taa. Grisi alikuwa tayari ameingiza nusu ya mwili wake kwenye tumbo la mashine, miguu tu inaonekana, anasema maneno ambayo kwa bahati yalimezwa na chuma. Kikasikika kishindo. Kisha kho. Kisha kho, kho, kho, na moshi mweusi ukaruka juu kama kunguru aliyefukuzwa.

"Kapiga chafya!" watoto wakapiga kelele.

"Skafu inafanya kazi," Kijiko akasema. Mafundi walivunjika mbavu, lakini hakuna aliyembishia. Dereva akavuta honi, ndefu, yenye mkwaruzo, haifanani kabisa na sauti ya redioni, na mwalimu akawaeleza watoto kwamba mtu mwenye mafua hukauka sauti.

Treni ikaondoka na skafu inapepea. Spika akaitangaza mwenyewe, na alisema imeondoka.

Jioni alifika kwa dada yake amejaa kama tairi jipya. Chakula kilikuwa kimetengwa. Kijiko alikuwa amekaa mkekani, anachambua vipande vipya vya vitambaa, kwa kuwa yule mdogo wa manjano naye alionekana ana baridi.

"Basi dada," Spika akaanza, akijimegea kabla ya kunawa vizuri, "ungekuwepo ungesema kweli ndugu yangu ni mtu wa hali ya juu. Ulimi uliteleza, sikatai. Herufi moja. Lakini mwingine angechanganyikiwa. Mimi? Tuli, kama maji mtungini. Nilizima kipaza, nikakunja mikono, nikafikiri. Nikasema hapa dawa ni neno moja tu. Nikamwambia Mama Ratiba, 'Mama, niachie mimi.' Nikatangaza amezimia, na watoto wote, kwa neno hilo moja, wakanyamaza. Vilio vikakatika kama uzi."

"Kama uzi," dada akasema. Alikuwa ameinamia sahani yake, mabega yanamcheza.

"Kama uzi! Hata sikutokwa jasho."

"Mjomba," Kijiko akasema, bila kuacha kuchambua. "Hukuzima."

"Sikuzima nini?"

"Kipaza. Hukukizima. Tulikuwa tunakusikia."

Tonge la Spika likasimama njiani.

"Uliposema 'mama yangu wee' tulisikia. Halafu tukamsikia Ngurumo anakuambia wewe mjinga, umeniua. Ndipo tukanyamaza. Mwalimu alisema, sikilizeni, maiti hagombani na mtu." Kijiko akainua kitambaa chekundu kwenye mwanga, akakiweka kando. "Halafu ukaingia mahali, puu, ukaanza kulia. Ukasema mpwa wangu kakushonea skafu, nisamehe. Baba mmoja mwenye mkoba alicheka mpaka akashika nguzo. Na Mama Ratiba alikaa kwenye mizigo ya watu, akajifuta macho kwa ratiba, ndipo akapanda kwako."

Dada sasa hakuwa tena na uwezo wa kukaa wima. Alikuwa ameegemea cherehani, machozi yanamtoka, anajaribu kusema neno na neno lenyewe linarudi ndani kila likifika mlangoni. Lilipotoka hatimaye lilikuwa: "Swichi!"

"Mimi nilifurahi," Kijiko akaendelea kwa upole, akimwona mjomba wake alivyonyong'onyea. "Kwa sababu nilijua yupo na wewe huko juu, na hajafa sana. Ila kuna kitu sijakielewa, mjomba."

"Kula chakula, Kijiko."

"Nimeshakula. Kila Ngurumo akisema, wewe ulikuwa unanyamaza. Na kila ukisema wewe, yeye ananyamaza. Na ulipolia wewe, yeye naye akapata kwikwi." Akaacha vitambaa, akamgeukia, akamkazia macho ya fundi anayepima shingo. "Na kile kibanda chako ni kidogo. Yeye ni mkubwa. Aliingiaje?"

Spika akamtazama dada yake amwokoe. Dada akajipangusa macho kwa pindo la kitambaa, akajiweka sawa kitini, akachukua sindano moja na uzi.

"Haya," akasema. "Mjibu mtoto."